Mhariri, kabla ya picha ya ufunguzi tuhesabiwe kwanza

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kuhusu ile habari mnayoitoa kila kiangazi kikianza, klabu ya michezo imefungua msimu wa kuogelea baharini kwa pamoja, picha kubwa nusu ukurasa, watu wamejipanga ufukweni na kofia za rangi, wengine wamenyanyua mikono juu, chini yake maneno mawili matatu kuhusu afya na mshikamano afu basi. Sina ugomvi na picha, na mimi mwenyewe nimo humo humo, kule pembeni karibu na wazee. Ugomvi wangu ni kwamba miaka yote hiyo sijawahi kusoma hata sentensi moja inayosema waliingia majini wangapi na wakatoka wangapi. Na naijua sababu ya nyie kutoandika, mkiuliza mara nyingi hakuna mtu wa kuwajibu.

Hoja yangu yote ndo hiyo, mengine ntakayosema yanaizunguka. Naomba klabu zetu msimu huu zianze na daftari la majina kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya spika, kabla ya hotuba ya mwenyekiti, kabla ya picha.

Tuanze na hili la kundi lenyewe maana ndo linatuponza. Mtu akiwa peke yake ufukweni anaogopa, anaangalia maji, anasikiliza upepo, anajiuliza nikichoka katikati itakuwaje. Akiwa na wenzake hamsini hajiulizi kitu, anaona si wenzangu wanaingia na mimi naingia, yule wa mbele anajua njia na yule wa nyuma ataniona. Sasa yule wa nyuma naye anafikiria hivo hivo kuhusu wewe. Na kule majini kichwa cha mtu ni kitu kidogo mno jamani, ukiogelea fristaili uso uko chini muda mwingi, unachoona ni maji ya kijani na povu la miguu ya aliyekutangulia, ukiinua macho kutafuta boya la kuonyesha njia unapata kama sekunde moja ya kutazama, na kama sekunde hiyo wimbi limesimama mbele yako basi umeona wimbi. Mwenzako aliyekuwa kulia kwako muda si mrefu anaweza kuwa yuko mbali kabisa, au kageuka karudi, au mguu umembana msuli kashikilia boya lake la kiunoni anapumzika, na wewe huna habari. Lile kundi lililoonekana ufukweni limeshikamana, likishavuka mawimbi ya kwanza baada ya muda mfupi ni vichwa vimetawanyika huku na huku.

Afu kuna hili ambalo watu wengi hawaliamini kwa sababu ya sinema, anayezama hapigi kelele. Kuna mwokoaji wa Marekani anaitwa Frank Pia alikaa akawachunguza watu wanaozama kweli kweli, na alichokieleza ni kwamba mtu anakuwa wima majini, kichwa kimeinama nyuma, mdomo unazama na kutokeza, mikono inasukuma maji kwa pembeni kwenda chini, kupunga hawezi na kuita hawezi kwa sababu mwili unatafuta pumzi kwanza na sauti inakuja baadaye kama pumzi ipo. Kabla hajazama kabisa ana kama sekunde 20 mpaka 60. Ukiwa umbali wa mita thelathini na wewe unahangaika na pumzi yako mwenyewe utamwona kama mtu aliyesimama anapumzika. Kwa hiyo ile hoja ya "tuko wengi, mtu akipata shida tutasikia" naomba tuizike rasmi msimu huu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya waogeleaji wachanga, wazoefu hawahitaji kuhesabiwa. Hao nawapa jina moja tu, Fran Crippen. Huyu alikuwa Mmarekani, miaka 26, mwogeleaji wa masafa marefu wa kiwango cha dunia, sio mtu wa kujifunzia. Tarehe 23 Oktoba 2010 alikuwa Fujairah, Falme za Kiarabu, kwenye mashindano ya kilomita 10 ya kombe la dunia, mashindano rasmi ya shirikisho la kimataifa, siku ya joto kali na maji yenyewe ya moto. Mbio zikaisha, wenzake wakatoka, na waliogundua kwamba Crippen hayupo ni waogeleaji wenzake, wengine wakarudi majini kumtafuta na miili imechoka vile. Mwili wake ulikuja kupatikana baada ya kama masaa mawili. Baada ya hapo kanuni zikabadilika, ukawekwa ukomo wa joto la maji nyuzi 31 kwa mashindano, na ukomo wa chini upo nyuzi 16, yote sawa na nashukuru. Lakini mimi kinachoninyima raha ni ile sehemu ya kwanza, kwamba kwenye mashindano ya dunia mtu anaweza kukosekana na ikaonekana mbio zimeshaisha. Kama wao, sisi klabu ya wikiendi tunajiamini na nini?

Sasa kuhesabu kwenyewe, maana mtu akisikia "daftari" anadhani nataka urasimu. Kuna njia rahisi ambayo nimeiona inafanya kazi vizuri na naomba wenye klabu waiibe bila haya. Unachukua ubao, unapiga misumari midogo safu mbili, kila mwogeleaji ana kipande cha plastiki chenye namba yake kinachoning'inia upande wa kushoto. Ukiingia majini unakihamisha kulia. Ukitoka unakirudisha kushoto. Kwisha. Anayekaa na ubao haingii majini siku hiyo, hata maji yawe matamu vipi, na ana daftari lenye majina ya namba zote, namba ya simu ya mtu wa nyumbani kwa kila mmoja, na kama una pumu au kifafa au presha basi anajua. Na hapa ndo penye siri ya ubao, kila mtu anarudisha kipande chake kwa mkono wake mwenyewe. Hairuhusiwi mwenzio kukurudishia. Hairuhusiwi kusema "na huyu yuko nyuma yangu anakuja". Maana ndo hivo hivo inavotokea, fulani kamwona fulani karibu na ufukwe kamhesabia katoka, kumbe aliyemwona ni mwingine mwenye kofia ya rangi ile ile.

Msimu uliopita kwenye klabu moja ambayo sitaitaja kulikuwa na kituko. Jamaa alianza na kundi, kati kati akaona maji hayamfai akatokea upande wa pili wa ufukwe, akachukua nguo zake akaondoka zake bila kumwambia mtu. Na uhuru wake, hakufanya kosa la kuchoka. Lakini kuna mtu mmoja tu aliyekumbuka kwamba alikuwepo, ikabidi kayaki zirudi, watu wanapiga filimbi, mama mmoja analia, waogeleaji waliokuwa wanatetemeka hawaendi kuvaa wanasimama kutazama bahari, mpaka simu yake ikapokelewa yuko nyumbani kajilaza. Wengine walicheka siku ile. Mi sikuona cha kucheka kwa sababu ingekuwa kweli amezama tungeanza kumtafuta muda ule ule tulioanza, yaani tumeshachelewa tayari. Na sheria ya kuripoti ukitoka mapema iwe ndo ya kwanza kusomwa siku ya ufunguzi, kwa sauti, spika si mnayo.

Nikija kwenye hiyo siku ya ufunguzi yenyewe, kuna jambo ambalo waandaaji wanalisahau kila mwaka. Bahari inachelewa kupata joto. Hewa ikianza kuchemka maji bado yanakumbuka baridi, inachukua wiki nyingi kuyafikia, ndo maana sehemu nyingi za dunia zenye majira ya baridi maji yanakuwa na joto zaidi mwishoni mwa kiangazi kuliko mwanzoni. Sasa sisi tunafungua msimu siku ile jua kali la kwanza, watu wengi kuliko siku zote, nusu yao hawajagusa maji tangu mwaka jana, wametoka jasho wamesimama kwenye mchanga wa moto wanasikiliza hotuba, afu kipenga kinalia wanakimbia kujitupa. Huo ni mpango wa kumtafutia mtu balaa, na unaitwa sherehe.

Maji chini ya nyuzi 15 yakikupiga ghafla kifuani mwili unashtuka, unavuta pumzi kubwa bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji umevuta maji. Moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi fupi, mtu anaingiwa na hofu. Hiyo ni dakika ya kwanza kwanza, na ikipita unatulia. Kuna profesa wa Canada anaitwa Gordon Giesbrecht ambaye amefundisha sana kanuni ya 1-10-1 kwa ajili ya maji baridi sana, dakika 1 ya kuituliza pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Watu wote wanaogopa ile saa moja ya mwisho wakati wengi wanaumia kwenye ile dakika ya kwanza, ufukweni kabisa, mbele ya kamera. Kwa hiyo mngeingia taratibu mkatembea mpaka maji yafike kiunoni, mkajimwagia usoni na shingoni, mkasubiri pumzi irudi ndo muanze, mngepoteza nini? Dakika mbili na picha moja ya watu wanaruka.

Na hili la kukimbizana. Klabu nyingi zimekuwa za watu wenye saa za mkononi zinazopima kila kitu, mtu akitoka majini kitu cha kwanza anaangalia mkono, cha pili anatuma kwenye grupu la wasap kasi yake ya kila mita mia. Sina tatizo na saa. Tatizo ni pale kundi lililotangazwa kwamba ni la kuogelea pamoja linageuka mashindano ambayo hayakutangazwa, wenye nguvu wanazunguka boya la kwanza wanaondoka, wakifika la pili wanasimama kupumzika wakisubiri, wa mwisho akiwafikia tu anahema wanasema haya twende. Yaani wenye nguvu wamepumzika na aliyechoka hajapumzika, na kila boya hali inazidi kuwa mbaya kwake, na haya ya kuonekana mzigo inamfanya asiseme. Nimeyaona haya mara nyingi mno na kila mara wa mwisho ni mtu mpya ambaye msimu unaofuata humwoni tena, wanasema aliacha kwa sababu ya kazi. Kama mnataka kuwa kundi basi wa mwisho akifika kwenye boya saa inaanza kwake, anapumzika yeye, wa mbele wasipopenda wagawe makundi kwa kasi na kila kundi liwe na mtu wa mbele na mtu wa nyuma, na huyo wa nyuma awe mwogeleaji mzuri kuliko wote, sio yule aliyebaki tu. Kuwa wa nyuma ndo kazi ngumu, unaogelea polepole kuliko mwendo wako, unapata baridi, unahesabu vichwa muda wote, na hakuna anayekupiga picha.

Vifaa sitaongea sana. Kofia ya rangi kali, machungwa au pinki au njano ya kuwaka, maana nyeusi na bluu na nyeupe zinapotelea kwenye maji na povu. Boya la kuburuta kiunoni, lile la hewa linaloelea nyuma yako, linafanya uonekane na mwenye boti na unaweza kulishika ukichoka, ila lisikudanganye, si jaketi la kujiokolea. Kayaki za kusindikiza ziwepo, na mwenye kayaki awe anajua kumpokea mtu bila kupinduka, sio kijana kapewa kasia asubuhi ile ile.

Maji yenyewe je? Hapa naomba niwe mchokozi kidogo. Ratiba za klabu zinapangwa na watu wanaoangalia saa ya ukutani, kila Jumamosi saa moja asubuhi mpaka msimu uishe, wakati bahari haina Jumamosi. Saa moja ya wiki hii maji yamejaa na yametulia, saa moja ya wiki ijayo maji yanakupwa kwa nguvu yanakuvuta nje. Wavuvi wanalijua hili toka enzi na enzi, kwamba maji kutoka kujaa mpaka kupwa yanachukua kama masaa sita na hayaendi kwa mwendo mmoja, saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, karibu nusu ya maji yote yanapita kwenye hayo masaa mawili ya kati kati, afu yanapoa tena. Na mwezi mpya na mwezi mpevu ukifika, bamvua, yaani yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, inafanya yote hayo yawe makali zaidi. Kwa hiyo siku ambayo saa moja yenu imeangukia kwenye maji yanayokimbia, sogezeni, kuogelea saa tatu hakumuui mtu. Jedwali la maji kujaa na kupwa linapatikana bure kwenye simu ile ile mnayotumia kupigia selfi.

Na mkondo ule wa kurudi baharini, unaotokea pale mawimbi yanapomwaga maji ufukweni na maji yakatafuta upenyo mmoja wa kurudia. Mara nyingi ukitazama unaona ni sehemu iliyotulia, mawimbi hayavunjiki pale, watu wanaona ndo pazuri pa kuingilia. Huo mkondo ukiwa mkali unaweza kupita mita 2 kwa sekunde. Ili mjue maana yake, Pan Zhanle wa China aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris 2024 kwa sekunde 46.40, mwendo wake ni mita 2 na kidogo kwa sekunde, na yule alikuwa kwenye bwawa, mara mbili urefu wa bwawa na amemaliza. Kwa hiyo wewe na mimi hatushindani na mkondo. Unaelea, unatulia, unanyanyua mkono watu wakuone, na kama una nguvu unaogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye upenyo ndo unarudi. Hili kila mwanachama analijua kwa mdomo. Nauliza tu ni klabu ngapi zimewahi kulifanyia mazoezi siku ya mawimbi madogo, watu wakaingia kwenye mkondo mdogo makusudi na mwokoaji yupo, wakajua unavohisi miguuni. Maana ukivutwa kwa mara ya kwanza akili yote uliyonayo inakwambia geuka uogelee kuelekea mchangani.

Baada ya kutoka majini nako kuna uzembe wake. Watu wanadhani hatari imeishia kwenye mchanga. Maji yanaiba joto la mwili haraka kuliko hewa, kama mara 25, na ukishatoka mwili unaendelea kushuka joto kwa muda kwa sababu damu ya baridi iliyokuwa mikononi na miguuni inarudi ndani. Ndo maana unaona mtu katoka anacheka vizuri tu, baada ya dakika kumi midomo ya bluu, anaongea maneno yanaburutika, vidole vimekakamaa hawezi kufunga kifungo cha shati na anakukatalia ukitaka kumsaidia. Huyo mkaushe, mvue nguo ya maji, mvalishe kuanzia juu, kofia kavu kichwani, kikombe cha kitu cha moto kiasi, mkalishe na mtu karibu yake. Usimpeleke kuoga maji ya moto. Hili nalisisitiza kwa sababu kila klabu ina mtu mmoja mwema anayesema "njoo uoge maji moto upate nafuu", na maji ya moto yanafungua mishipa ya ngozi ghafla, presha inashuka, mtu anaanguka kwenye vigae. Pombe nayo hivo hivo, si kabla wala si mara tu baada ya kutoka, hata kama mmeshinda kitu.

Najua majibu yatakayokuja maana kwenye mkutano wa klabu nilishayasikia. La kwanza ni kwamba nataka kuua raha, watu wanakuja baharini kupunga upepo, wakikuta ubao na daftari na mtu anauliza kuhusu pumu wataona wamekuja kliniki. Mi nadhani ni kinyume, mtu mgeni akikuta namba yake inamsubiri anajua kuna mtu atamkosa asiporudi, na hiyo inampa moyo zaidi ya hotuba. La pili, eti zamani watu waliogelea tu bila haya yote. Zamani ipi? Matthew Webb alipovuka mfereji kati ya Uingereza na Ufaransa tarehe 24 na 25 Agosti 1875, mtu wa kwanza kuvuka bila kifaa cha kumsaidia, alitumia masaa 21 na dakika 45 kwa mtindo wa chura, na pembeni yake muda wote kulikuwa na mashua zinamsindikiza, zinamlisha, zinamtazama. Gertrude Ederle mwaka 1926, mwanamke wa kwanza kuvuka pale, akaupiga muda wa wanaume wote waliomtangulia, na yeye alikuwa na boti yake. Na klabu za kuogelea baharini si jambo jipya, ile ya Brighton ilianzishwa 1860, Webb alikuwa hajafikiria kuvuka. Kule Manly, Sydney, kuna kundi linaogelea kila asubuhi kwenda Shelly Beach na kurudi, kofia zao za pinki ukiziona kwenye maji huwezi kuzipotea. Na kwenye mashindano ya kuvuka kwenda kisiwa cha Rottnest, Australia Magharibi, karibu kilomita 20, hauanzi kama huna boti ya kukusindikiza. Hao wote wanapenda raha kama sisi.

La tatu ndo gumu kidogo na nakiri lina uzito, kwamba hakuna watu wa kujitolea, kila mtu anataka kuogelea na hakuna anayetaka kukaa na ubao. Hapo sina dawa ya ajabu. Iwe zamu, kila mwanachama akae ufukweni mara moja kwa msimu, asiyetaka zamu asipewe kofia. Klabu zenye watu wengi kama zinavojisifu kwenye gazeti hazitakosa watu wa zamu, na kama zitakosa basi hao wengi ni wa kwenye picha. Mwenyekiti na kocha wawe wa kwanza kwenye orodha, wiki ya ufunguzi, wote wakiwaona wamekaa na ubao na jua linawachoma hakuna atakayesema zamu ni ya wadogo.

Umoja wa Mataifa mwaka 2021 uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka huo huo wa 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani. Wengi wao si waogeleaji wa klabu, ni watoto na watu wanaofanya kazi kwenye maji na waliopigwa na mafuriko, sitaki kuitumia hesabu hiyo kututisha sisi. Naitaja kwa sababu kila ikifika tarehe hiyo klabu zinatuma bango zuri kwenye wasap, lenye nembo, na mi ningependa mwaka huu badala ya bango watume picha ya ubao wao wa majina.

Ombi langu kwenu wahariri ni dogo. Mpiga picha na mwandishi wenu wakija kwenye ufunguzi, wapige picha zote wanazotaka, sisi tutanyanyua mikono kama kawaida. Afu kabla hawajaondoka wamtafute mwenye dhamana wamuulize wameingia wangapi na wametoka wangapi, na jibu lolote atakalotoa mliandike chini ya picha, hata akisema "kama sitini hivi". Na mkiona barua imekuwa ndefu mkataka kupunguza, kateni hata ile ya Webb, ila ile ya maji ya moto msiikate tafadhali.

Ni mimi mwanachama wenu wa kundi la polepole